Kansa ya tumbo imewahiwa? Soma ripoti hivi kabla hamjakubali operesheni

Ndugu zangu, daktari akishawaambia kansa ya tumbo la mgonjwa wenu imewahiwa, msianze na "operesheni lini", ulizeni kwanza imezama kiasi gani. Manake kuwahiwa sio kwamba haijafika kwenye tezi za limfu, vile vivimbe vidogo vya kinga ambako kansa hupitia ikisambaa. Ikiwa bado kwenye utando wa juu kabisa wa tumbo, wenye kansa kwenye tezi ni kama 2 hadi 5 kwa 100, ila ikivuka kwenda tabaka la chini yake, kwenye mishipa mingi ya limfu, wanafika hata 20. Na siti skani ikisema tezi safi msitulie, chembe chache ndani ya tezi ndogo haizioni.

Jibu lenyewe liko kwenye kinyama, yaani kipande kilichotolewa tumboni kikapimwe. Uvimbe ukitolewa mzima kwa kamera inayopitishwa mdomoni bila kupasua, unabanwa kwa pini kwenye kibao usijikunje, unakatwa vipande vya milimita 2 mbili, kila kipande kinaangaliwa kwa darubini. Ripoti ikirudi tafuteni ukubwa wa uvimbe, una kidonda au hauna, seli zimepangika au zimevurugika, umezama wapi, na hili kubwa kuliko yote, umeingia kwenye mishipa ya limfu au la. Mwaka 2000 mtafiti Gotoda na wenzake kule Japani walipitia wagonjwa 5,265 waliopasuliwa, na wale 929 ambao kansa yao ilikuwa na seli zilizopangika, haijavuka utando wa juu wala haina kidonda, hakukutwa hata mmoja mwenye kansa kwenye tezi, uvimbe uwe mdogo au mkubwa. Mtu wa hivo mara nyingi kamera inamtosha, kwa nini akatwe tumbo?

Sasa ikitokea uvimbe umetolewa kwa kamera halafu ripoti haijaridhisha, Wajapani wana hesabu yao inaitwa eCura, chukueni kalamu. Kansa kuingia mishipa ya limfu pointi 3. Halafu pointi 1 moja kwa kila hili: uvimbe kuzidi sentimita 3, kuingia mishipa ya damu, kansa kubaki kwenye ukingo wa chini wa kinyama, na kuzama nusu milimita au zaidi chini ya utando. Ukipata 0 au 1, hatari ya kansa kuwa kwenye tezi ni asilimia 2.5, ukipata 2 hadi 4 ni 6.7, 5 hadi 7 inaruka hadi 22.7. Mzee wa miaka 80 mwenye moyo mbovu na pointi 1 mnaweza kukaa na daktari mkakubaliana afuatiliwe tu, lakini kijana mwenye pointi 5 mimi ningembembeleza apasuliwe tezi zitolewe.

Na kama ripoti imeandikwa "kansa ya mapema" basi, bila hayo mengine, rudini maabara mkaombe. Vinyama vinatunzwa kwenye nta, vinaweza kukatwa na kuangaliwa upya.