Somo: Kuanza kukusanya écu, sarafu za fedha za wafalme wa Ufaransa

Ndugu zangu, wengi mmeniuliza mwanzie wapi. Jibu langu ni kwamba uzito utangulie, mfalme unayempenda atafuata. Tangu 1726 mpaka ufalme ulipoanguka 1792, écu moja ilitakiwa kuwa na gramu 29.488, fedha yake ikiwa sehemu 917 kwa 1000. Kabla ya hapo, toka Louis XIII alipoitoa mwaka 1641, uzito na thamani vilibadilishwa mara nyingi, hasa vita vilipoibana hazina, na mgeni hupotea humo upesi. (Wafaransa nao neno lao la fedha, argent, ni madini na ni pesa, kama letu.)

Hatua ya 1. Chagua aina moja. Mimi napendekeza écu ya Louis XV iitwayo au bandeau, yaani mfalme amefungwa utepe kichwani. Ilianza 1740 ikapigwa kwa miaka thelathini hivi, kwa hiyo hutaitafuta kwa tochi.

Hatua ya 2. Ipime kwa mizani ya sonara. Iliyochakaa itasoma 29 au pungufu kidogo. Ikisoma 26, mrudishie mwenyewe. Kisha izungushe usome ukingo: DOMINE SALVUM FAC REGEM, "Bwana, mwokoe mfalme". Ukiona mstari wa kiungo umezunguka ukingo huo, sarafu imemiminwa kwenye kalibu, haikupigwa mhuri. Iache.

Hatua ya 3. Soma herufi ya kiwanda kilichopiga sarafu. Hapa ndipo utamu ulipo. Geuza nyuma, tazama chini kabisa ya ngao yenye maua matatu ya yungi. A ni Paris, D Lyon, K Bordeaux, L Bayonne, W Lille. Pau haina herufi, ina ng'ombe mdogo, kwa sababu ng'ombe ni alama ya Béarn, milki aliyokuwa nayo Henri IV kabla hajarithi Ufaransa. Ndiyo maana upande wa mfalme sarafu za Pau huongeza BD, bwana wa Béarn. Yangu imesagika hadi uso wa mfalme umebaki kivuli, lakini ukiinamisha taa, ng'ombe yule unamwona na miguu yake.

Hatua ya 4. Usiisafishe. Si ndimu, si majivu, si dawa ya meno. Weusi ule umechukua miaka kutulia, na ukiung'oa haurudi.

MASWALI

Mwalimu, yangu ina mikwaruzo sambamba juu ya ngao. Nimeuziwa mbovu?

Hapana, ndugu. Kipande kilichozidi uzito kilipunguzwa kwa tupa kabla ya kupigwa mhuri, na tupa iliacha njia zake. Mikwaruzo hiyo ina rangi ileile ya sarafu nzima. Mkwaruzo wa juzi hung'aa, na ukipitisha ukucha unakwaruza.

Mimi nina ya Louis XIV ya 1690. Nyuma ya kichwa naona herufi zisizohusiana na maandishi. Ni bandia?

Dada, usiiuze! Mfalme alikuwa vitani, hazina imekauka. Sarafu za zamani zikaitwa kiwandani, zikapigwa mhuri mpya juu ya ule wa kwanza bila kuyeyushwa, zikatolewa kwa thamani kubwa zaidi. Herufi hizo ni mabaki ya sarafu ya kwanza. Wapo wanaozikwepa kwa kuwa hazipendezi machoni. Mimi ndizo ninazozitafuta. Piga picha taa ikiwa ubavuni, kisha igeuze juu chini. Mara nyingi maandishi ya zamani husomeka hivyo, na ukibahatika utapata hata mwaka.

Yenye tundu je?

Bei yake iwe chini sana. Kwa kujifunzia kusoma alama inatosha kabisa. Yangu ya kwanza ilikuwa na tundu, na bado ninayo.