Umeme na elektroniki Uingereza kwa kuanzia mwaka sifuri: jinsi ya kuomba, na siku 28 zilizonila

Nilisoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Anayejua michepuo ya kidato cha sita ameshaielewa shida yangu: fizikia ninayo, lakini hesabu niliyonayo ni BAM, ile hesabu ya msingi tu, na vyuo vya kwetu Tanzania ukiomba uhandisi wa umeme vinataka hesabu yenyewe. Udaktari sikuutaka, nilitaka saketi. Zilibaki njia tatu: kuanza diploma upya, kurudi kwenye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au kutafuta chuo cha nje kinachompokea mtu wa aina yangu na kumpitisha kwanza mwaka wa maandalizi, huo ndio mwaka sifuri. Mjomba akasema atachangia. Basi nikaenda na ya tatu, Uingereza, na nikaingia darasani Oktoba 2025, zaidi ya wiki mbili nyuma ya wenzangu. Naandika kwa sababu ya hizo wiki mbili.

Wakenya wa 8-4-4 wanaijua njia hii kuliko sisi, maana vyuo vingi vya kule huichukulia KCSE, mtihani wao wa mwisho wa sekondari, kuwa sawa na kidato cha nne cha Waingereza, kwa hiyo mtu mwenye alama nzuri tu anaambiwa aanzie maandalizi. Usijisikie umeshushwa. Ni mwaka wa hesabu, fizikia, maabara na programu kidogo, ukifaulu kwa alama walizoweka unaingia mwaka wa kwanza.

Kuchagua kozi

Kwenye tovuti ya UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya Uingereza, tafuta Electrical and Electronic Engineering yenye maneno "with Foundation Year" mwishoni. Hayo maneno yana maana kubwa. Kuna maandalizi yaliyo ndani ya shahada, yaani unakuwa mwanafunzi wa chuo tangu siku ya kwanza na kozi inahesabiwa miaka minne. Na kuna maandalizi yanayofundishwa na kampuni iliyo jirani na chuo, halafu unahamia chuoni ukifaulu. Ya pili siyo mbaya, ila uliza mapema kama viza itakuwa moja kwa safari nzima au utaomba tena katikati. Mimi nilichukua ya kwanza.

Angalia pia kama shahada imeidhinishwa na IET, ile taasisi yao ya wahandisi. Na kama umevutiwa na MEng, inayofika ngazi ya uzamili, badala ya BEng, shahada ya kwanza ya kawaida, kiulize chuo kuhusu cheti cha ATAS kabla ya kukubali nafasi. Ni kibali cha usalama kwa masomo fulani ya teknolojia, hakilipiwi, lakini kinakula wiki.

Kuna kisanduku kwenye fomu ya UCAS kinachouliza unaingilia mwaka gani. Vyuo vingine vina msimbo wa kozi wa peke yake kwa wenye maandalizi, vingine vinatumia msimbo uleule na kutofautisha kwa kisanduku hicho, unaandika 0. Mimi nilikiacha wazi kwenye chuo kimoja kati ya vitano nilivyoomba. Wakanihesabu mwombaji wa mwaka wa kwanza, wakanikataa ndani ya siku nne kwa kukosa hesabu. Siwalaumu, walijibu nilichoomba.

Ada ya UCAS ilikuwa pauni 28.50 kwa vyuo vyote vitano. Dirisha kuu kwetu lilifungwa 29 Januari 2025, waliofuata wakafungiwa 14 Januari 2026, kwa hiyo usitegemee tarehe ya kaka yako. Ukichelewa bado unaweza kutuma hadi 30 Juni ikiwa kozi ina nafasi. Maelezo binafsi mimi niliandika kama insha moja. Kuanzia wanaoingia 2026 ni maswali matatu, herufi 4,000 kwa jumla. Usiwaandikie kwamba umeupenda umeme tangu utotoni. Niliandika juu ya miezi saba niliyokaa na fundi redio, jinsi tulivyoitafuta kapasita iliyokufa kwenye amplifaya ya kanisa kwa kubadilisha moja moja, na ndicho pekee walichoniuliza kwenye mahojiano.

IELTS, mtihani wa Kiingereza, kama chuo kinaitaka: hakikisha aina gani. Ile ya UKVI (idara ya viza ya Uingereza) na ile ya kawaida ni mtihani uleule, lakini pale chuo kinapotaka ya UKVI, cheti cha ile nyingine hakikusaidii.

Kabla hujalipa hata senti, TCU

Shahada ya nje utakayorudi nayo itapitia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kutambuliwa, na ERB wanaosajili wahandisi hawatakusikiliza bila hiyo. Nenda au andika mapema, ukiwa na barua ya chuo inayoonyesha kwamba mwaka wa maandalizi ni sehemu ya shahada, pamoja na matokeo yako ya NECTA, baraza la mitihani. Uliza waziwazi kama mtu mwenye ufaulu wako akimaliza kozi hiyo atatambuliwa. Ukipata jibu, litunze kwa maandishi. Ya mdomo dirishani huwa yanahama na aliyeyasema.

Pesa: hapa kaa chini

Uhamiaji wa Uingereza wanataka uonyeshe ada ya mwaka wa kwanza, ukitoa ulichokwisha kulipa, pamoja na pesa ya kuishi miezi tisa. Nilipoomba ilikuwa pauni 1,136 kwa mwezi nje ya London, yaani 10,224. Tangu 11 Novemba 2025 ni 1,171, yaani 10,539, na London ni 1,529 kwa mwezi. Pesa hiyo iwe imekaa benki siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja chini ya kiwango, na tarehe ya mwisho ya stetimenti isizidi siku 31 kabla ya siku unayotuma maombi.

Swali la kwanza: akaunti ya nani? Yako, ya mzazi, au ya mlezi wa kisheria. Basi. Mjomba siyo. Shangazi siyo. Baba mdogo aliyekulea tangu darasa la pili siyo, labda awe na karatasi ya mahakama. Kwetu mtoto husomeshwa na ukoo, kule fomu inamjua baba na mama. Barua nzuri ya mjomba yenye muhuri wa wakili niliyokuwa nimeiandaa haikuwa na pa kuingia.

Kwa hiyo tarehe 30 Juni mjomba akahamishia pesa kwa baba. Nikaanza kuhesabu kwenye kalenda ya ukutani, kila jioni nakata siku moja. Siku ya 19 babu mdogo akafariki kijijini. Baba akatoa milioni mbili za jeneza, usafiri na chakula, kama ambavyo mtoto yeyote wa kiume angefanya, wala hakuona sababu ya kuniambia kwa sababu kwake salio lilikuwa bado kubwa mno. Mimi nikaendelea kukata kalenda.

Stetimenti nikaituma chuoni, maana vyuo vingi huikagua kabla ya kukutolea CAS, ile namba ya udhamini ambayo bila hiyo huombi viza. Tarehe 4 Agosti likaja jibu la mistari miwili: tarehe 18 Julai salio limepungua chini ya kiwango, tafadhali tuma stetimenti nyingine ya siku 28. Baba akarudisha pesa siku hiyohiyo, kwa kukopa. Tukaanza tena siku ya kwanza. Tiketi niliyokwisha kununua ikaliwa nusu.

Kwa hiyo fanya hivi. Weka pesa kwenye akaunti isiyo na kadi na isiyo na simu iliyounganishwa. Weka zaidi ya kiwango, asilimia kumi hivi, kwa sababu benki ina makato yake ya mwezi na shilingi ina tabia zake: wanabadilisha kwa kiwango cha OANDA, tovuti ya viwango vya fedha, cha siku unayoomba, siyo cha siku ulipoweka. Kisha kaa na mzazi umweleze, siyo kwa SMS. Mwambie hata kwa msiba, pesa hii haiguswi, tutakopa kwingine.

Ukitumia akaunti ya mzazi unaambatanisha cheti cha kuzaliwa na barua yake ya kukubali. Linganisha majina herufi kwa herufi. Kwenye cheti changu baba ni Rashidi, benki ni Rashid. Hiyo i moja ilinipeleka kwa wakili kuapa. Cheti kilichoandikwa Kiswahili peke yake kinahitaji tafsiri rasmi.

Viza, na mwaka sifuri unapokudai

Nilikuwa nimebajeti ada ya viza, pauni 524 wakati huo. Kulikuwa na kingine, IHS, malipo ya huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi. Nikaandika 776 kwenye daftari nikaendelea na maisha.

Hailipwi kwa mwaka. Inalipwa yote kwa mpigo, kwa muda wote wa viza, na viza inajumlisha kozi na miezi michache ya ziada mbele na nyuma. Kozi ya miaka mitatu ingekuwa pauni 2,716. Yangu ina maandalizi, miaka minne na kipande, na kipande kisichofika miezi sita kinalipiwa nusu: 3,492. Ni zaidi ya milioni kumi za Kitanzania, kwa kadi, mtandaoni, siku hiyohiyo. Kadi ya baba ilikataa mara tatu kwa sababu ya kikomo cha manunuzi ya mtandaoni ambacho hakuna aliyewahi kutuambia kipo. Siku mbili nyingine kwenye foleni ya benki, namba ya tiketi 114, wanahudumia 31. Nenda ukapandishe kikomo wiki moja kabla. Na pesa hii isitoke kwenye zile za siku 28 kabla hujachapisha stetimenti.

Kipimo cha TB ni cha lazima kwa anayetoka Tanzania kwenda kukaa zaidi ya miezi sita, na hupimwa IOM tu, shirika la kimataifa la uhamiaji, siyo hospitali yoyote yenye eksirei. Cheti kinadumu miezi sita. Picha ikiwa na utata wanachukua makohozi, na majibu yake yanaweza kufika wiki nane, kwa hiyo usingoje CAS ndipo ukapime.

Alama za vidole kwenye kituo cha viza ni dakika kumi, kungoja ni saa tatu. Pale wanakuuzia huduma za pembeni kila hatua: kuskani, SMS, chumba chenye kochi. Unaweza kukataa zote, nyaraka unapakia mwenyewe nyumbani. Majibu huchukua kama wiki tatu. Kadi ya BRP, ile ya ukaazi, haipo tena, ruhusa yako ni eVisa, yaani rekodi ya mtandaoni, kwa hiyo fungua akaunti ya UKVI na uhakikishe namba ya pasipoti iliyomo ndiyo unayosafiria.

Na adapta ya plagi uwanja wa ndege usinunue. Soketi zao ni zilezile za pini tatu bapa, volti 230, hezi 50. Mimi, mwanafunzi mtarajiwa wa uhandisi wa umeme, nilitoa shilingi elfu ishirini na tano.