SOMO: Sukari ya wenye kisukari inaua mbwa (soma kabla hujanifuata inboksi)

Wakuu, wiki hii nimejibu swali hili mara sita, "mbwa kala kitu cha bila sukari, nifanyeje?", na kila mtu anaanza na "samahani kama lilishajibiwa". Lilishajibiwa. Naliandika hapa mara ya mwisho.

Adui anaitwa zailitoli, kitia utamu kinachowekwa kwenye vitu vya "bila sukari". Binadamu anakila bila shida. Mbwa akikila, kongosho linamwaga insulini kwa fujo, sukari ya damu inaporomoka, na akiwa kala kingi ini nalo linaharibika.

Hatua ya 1: Kagua nyumba. Bigijii na pipi za bila sukari, dawa ya mswaki, dawa ya kusukutua mdomo, vitamini za kutafuna, baadhi ya dawa za maji za kikohozi, baadhi ya siagi za karanga za kutoka nje, na ile pakiti ya "sukari" aliyoileta shangazi kutoka Ulaya.

Hatua ya 2: Soma lebo. Tafuta xylitol, E967 au birch sugar. Hiyo ya tatu ndiyo inayoponza watu, maana ukiisoma haraka unaona sukari ya mti, unadhani ni kama asali. Vitia utamu vingine, stevia na aspatami, havimfanyii mbwa hivi. Sobitoli itamwendesha tumbo tu.

Hatua ya 3: Weka juu, kabatini, mlango ufungwe. Pochi za wageni zitundikwe.

Hatua ya 4: Akishakula, ondoka nyumbani umpeleke kwa daktari wa mifugo SASA HIVI.

Hapa ndipo nilipochemka. Mama yangu ana kisukari. Aliletewa pakiti hiyo, akapika mkate wa kumimina. Haukuumuka, ukalala kwenye sufuria kama tofali. Mama hapendi kutupa chakula, akampa Bosi, koko wetu wa kilo 14, vipande viwili. Ilikuwa saa moja jioni. Nilipoiona pakiti mezani moyo ulinipasuka, lakini Bosi alikuwa anakimbiza kuku wa jirani, mzima kabisa. Nikasema tungoje kidogo. Nikamnywesha maziwa na mkaa uliotwangwa, kama tunavyofundishana mtaani. Saa tatu miguu ya nyuma ikaanza kupishana, akawa anayumba kama katoka kilabuni, mwisho akaanguka kizingitini huku taya zinagongana. Nikampaka asali kwenye fizi, tukampakia kwenye bajaji. Daktari alimtoboa ukingo wa sikio, kipima sukari kikasoma 1.9, yaani imeshuka mno. Dripu ya dekstrozi (maji ya sukari) siku mbili, damu ya kupima ini siku tatu mfululizo. Alipona. Daktari hakunigombeza, aliniuliza tu kwa nini nilisubiri, na sikuwa na jibu.

Kwa hiyo:

USISUBIRI DALILI. Kutapika, kulegea, kuyumba na degedege vinaweza kuanza ndani ya nusu saa, au kuchelewa hadi masaa 12, hasa akiwa kala bigijii. Ini linaweza kuanza kugoma siku ya pili au ya tatu, wakati wewe umeshasherehekea.

Maziwa hayazuii chochote. Mkaa haushiki zailitoli vizuri. Maji ya chumvi USITHUBUTU, yenyewe yanaweza kumuua. Kumtapisha ni kazi ya daktari, na mbwa aliyeanza kulegea hatapishwi, matapishi yataingia mapafuni. Asali ni ya njiani tu: paka kwenye fizi, usimmiminie kooni.

Mjue mbwa wako ana kilo ngapi. Gramu 0.1 kwa kila kilo yake inatosha kushusha sukari, na kuanzia gramu 0.5 kwa kilo ini liko hatarini. Mbwa wa kilo 10, basi, ni gramu 1 na gramu 5. Kijiko cha chai cha hiyo "sukari" kina kama gramu 4. Kipande kimoja cha bigijii kinaweza kuwa na gramu nzima. Nenda na pakiti, daktari atapiga hesabu mwenyewe.

Hatua ya 5: Namba za madaktari wa mifugo wawili kwenye simu. Waulize leo nani anapokea usiku na nani ana dekstrozi.

MASWALI

Kijana_wa_Goba: Mkuu mbwa wangu kala bigijii mbili sasa hivi, nifanyeje?

Mtoa somo: Hatua ya 4. Mpigie daktari, toka humu.

Kijana_wa_Goba: Ila anaonekana yuko poa.

Mtoa somo: Umesoma kweli? Bosi naye alikuwa poa. Lebo inasemaje?

Kijana_wa_Goba: Nimeangalia, ni za sukari ya kawaida, zailitoli haipo.

Mtoa somo: Haya, pumua. Siku nyingine anza na lebo.

Sungura_Mjanja: Haya mambo ya Kizungu. Mbwa wangu wanakula jalalani miaka yote na hawafi.

Mtoa somo: Jalalani kwenu kuna ugali na mifupa. Sijasema mbwa afunikwe shuka. Nimesema pakiti moja iwekwe juu. Kama ni kazi kubwa, basi.

Mama_Popi: Samahani, mimi sielewi kitu kimoja. Kwa nini sisi haitudhuru?

Mtoa somo: Swali zuri dada. Kongosho letu linaiona zailitoli kama mgeni wa kawaida, insulini haishtuki. La mbwa linadhani imeingia sukari nyingi ya kweli, linamwaga insulini nyingi ya kuipokea. Insulini hiyo inakuta sukari halisi iliyokuwemo kwenye damu, inaifagia yote. Ubongo unabaki na njaa, ndipo anayumba. Ndiyo maana anawekewa dekstrozi.

Mama_Popi: Na paka?

Mtoa somo: Paka wanaonekana kuvumilia zaidi. Ila wa kwangu simjaribu.

Fundi_Juma: Siagi ya karanga ninayosaga mwenyewe kwa kinu nimpe?

Mtoa somo: Karanga na chumvi kidogo tu? Mpe. Zabibu kavu na chokoleti ndizo usimpe kamwe.

Fundi_Juma: Nyongeza: ndoo ya taka ifunikwe kwa kifuniko cha kubana. Wangu alifukua mrija wa dawa ya mswaki humo.

Mtoa somo: Hiyo naiongeza hatua ya 3. Asante fundi.

Bi_Mkubwa_Tanga: Mwanangu, na huo mkate haukuumuka kwa nini?

Mtoa somo: Shikamoo bi mkubwa. Hamira haili zailitoli, ilikufa njaa kwenye uji wa mchele.

Bi_Mkubwa_Tanga: Marahaba. Mwambie mama aiumulie hamira pembeni na kijiko kimoja cha sukari ya kawaida na maji vuguvugu, ikitoa povu ndiyo amimine.

Mtoa somo: Nimemwambia. Anauliza tui liwe zito au jepesi.