Kumlea Mtoto Katika Imani Nyumbani: Mwongozo kwa Wazazi Wakatoliki

Katika ibada ya ubatizo wa mtoto mchanga, wazazi huulizwa kama wanautambua wajibu wa kumlea mtoto wao katika imani. Wengi wetu tuliitikia upesi, macho yakiwa kwa mpiga picha, na miaka michache baadaye tukampelekea katekista mtoto asiyejua hata ishara ya msalaba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, katika hati yake ya mwaka 1964 kuhusu Kanisa, uliifananisha familia na kanisa la nyumbani, ukawataka wazazi wawe wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao, kwa neno na kwa mfano. Katekista huja baadaye, naye hujenga juu ya msingi aliokuta.

Anza na saa ya kulala. Mchoree mtoto msalaba mdogo kwenye paji la uso kwa kidole gumba, ukimtaja jina na kumwombea baraka ya Mungu. Hapo hubuni jambo jipya, kwa maana ndiyo ishara mliyomwekea ninyi wenyewe pamoja na padri siku ya ubatizo wake. Haihitaji kitabu, na hata mzazi aliyerudi hoi kutoka kazini anaiweza. Zikipita wiki kadhaa, huenda ukamwona anasogeza paji lake kabla hujainua mkono, na usiku utakaposahau atakuita urudi. Ikifika hapo, ongeza Baba Yetu, kisha Salamu Maria, sala moja baada ya nyingine, bila pupa.

Rozari nzima yenye makumi matano ya Salamu Maria humshinda mtoto wa miaka minne, na kumkemea kwa kusinzia humfundisha kuichukia. Kumi moja linatosha. Mwambie kwa ufupi kwamba Maria alifunga safari kwenda kumtembelea Elisabeti, kisha mwachie yeye kazi ya kusogeza punje huku wewe ukisali.

Misa ya Jumapili iandaeni Jumamosi jioni kwa kusoma Injili ya kesho yake, ambayo utaipata katika kalenda ya liturujia. Usiifafanue sana, mpe mtoto jambo moja la kuvizia. Kama ni habari ya Zakayo, mwambie, "Ukisikia mti aliopanda, nibonyeze mkono." Mtoto anayeusubiri mkuyu husikiliza kuliko mtu mzima anayeisubiri baraka ya mwisho. Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Noeli, nayo hujifundisha yenyewe, mkiwa na shada la mishumaa minne na kuwasha mmoja zaidi kila Jumapili.

Lililo gumu zaidi, na kwa maoni yangu lenye uzito kuliko sala zote za kukariri, ni msamaha. Ukimfokea mtoto kwa kosa ambalo hakulitenda, mwendee, uiname umtazame usoni, useme, "Nimekukosea, nisamehe," bila kuongeza "lakini na wewe". Akikuona pia umepanga mstari kwenda kuungama, atafahamu kwamba kitubio si adhabu ya watoto watukutu, na maandalizi yake ya Komunyo ya Kwanza yatakuwa mepesi.

Yatakuja maswali, likiwamo lile la kwa nini Mungu hakumponya bibi wakati tulimwombea kila siku. Usijifanye msemaji wa Mungu. Kiri kwamba hujui, umsimulie kuwa Yesu mwenyewe alilia kwenye kaburi la Lazaro, kisha mwombeeni bibi pumziko la milele, kwa kuwa upendo wenu kwake haujakoma na Kanisa huwaombea marehemu.

Kijana aliyefikia umri wa kupinga asishurutishwe kusali kwa sauti, ingawa saa ya sala ya familia ibaki palepale. Mwombe asome somo au awashe mshumaa, na akipendelea kukaa kimya, kimya chake kipokelewe. Akibaki chumbani, msimwombee kwa sauti ya kupita ukutani, mkimtaja kuwa kondoo aliyepotea: hayo ni masimango yaliyovikwa joho la sala, naye atayatambua kabla hamjafika kwenye Amina.