Siku ya Wapendanao chekechea: maua yanayokunywa rangi, karatasi ya choya na mapigo ya moyo, kwa walimu wa Nyanda za Juu Kusini

Mwalimu mmoja kijana anayefundisha chekechea upande wa Tukuyu alinipigia simu saa mbili usiku, tarehe 13 Februari. "Shikamoo dada. Maua yangu yako vilevile, meupe pee, na kesho watoto wanakuja kuyaona." Niliijua shida yake kabla hajamaliza kuieleza, maana ilishanikuta mimi hapa Mbeya. Tuliongea mpaka salio lake likakata, nikampigia mimi tukaendelea. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na yale ambayo usiku ule hatukuyafikia.

Kwa watoto wa miaka 3 mpaka 5 mimi siku hii naifanya ya mama, baba, bibi, rafiki wa kukaa naye mkeka mmoja na mpishi wa uji. Mambo ya uchumba hayaingii darasani kwangu. Maputo sinunui, kipande kikipasuka mtoto hukitia mdomoni. Pipi na unga wa kumetameta pia sinunui. Fedha hiyo nunua chainizi na choya. Mtoto akiona kitu kinageuka rangi mbele ya macho yake atakizungumzia nyumbani wiki nzima.

Vya kuandaa: fungu la chainizi lenye mabua meupe na manene, maua meupe machache, rangi nyekundu ya chakula, konzi moja ya choya kavu, malimao matatu, magadi soda, karatasi nyeupe za kuchapishia, vijiti vya pamba vya masikio, vizibo vya soda na chupa za maji zilizokatwa nusu. Mimi vyote navipata sokoni Mwanjelwa kwa mzunguko mmoja.

Hatua ya 1: Maua na chainizi. Anza tarehe 12, usingoje 13

Maelekezo mengi utakayoyasoma yanasema uweke ua jeupe kwenye maji yenye rangi, na baada ya saa chache litageuka. Saa chache hizo ni za sehemu yenye joto na hewa kavu. Mwaka wangu wa kwanza niliyaamini. Niliweka maua jioni ya tarehe 13, nikaamka saa tisa usiku kuyaangalia, nikaamka tena saa kumi na moja. Asubuhi watoto ishirini na sita walisimama mbele ya maua meupe, na mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, yamekataa kunywa?" Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimewaahidi.

Sababu yenyewe ni hii. Ua halina pampu ya kuvuta maji. Maji hupanda kwa kuwa majani na petali hutoa mvuke kupitia vitundu vidogo sana, na kila tone linalotoka juu huvuta jingine kutoka chini kwenye mirija ya bua. Mvuke usipotoka, maji hayapandi. Sasa fikiria Februari ya kwetu. Tuko katikati ya masika marefu yanayoanza Novemba, Mbeya mjini tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ukungu umelala, na Tukuyu mvua yake ni miongoni mwa kubwa kabisa nchini. Sare za shule unazianika siku mbili na bado kola ina unyevunyevu. Hewa inayokataa kukausha sare ndiyo hiyohiyo inayokataa kunywa maji ya ua lako. Ukishalielewa hilo, yote yanayofuata utayaelewa bila kukariri.

Fanya hivi. Chainizi iache mezani bila maji kwa saa moja au zaidi mpaka majani yaanze kulegea. Itakuwa na kiu na itavuta haraka. Usiipitilize mpaka ikanyauka.

Kata ncha ya bua kwa mshazari, kwa kisu kikali, huku bua likiwa limezama kwenye beseni la maji. Ukikatia hewani, hewa huingia kwenye mirija na kuziba njia. Usitumie mkasi. Mkasi hubana bua kabla ya kulikata, na mirija hulala. Kazi hii ni yako, watoto watazame tu.

Majani usiyapukutishe. Najua wauza maua huyapunguza ili ua lidumu, lakini hapa tunataka mvuke utoke kwa wingi. Ondoa yale tu ambayo yangezama kwenye maji.

Rangi iwe kali. Mimi nachukua ile ya unga ya kwenye vikopo vidogo, nusu kijiko cha chai kwa nusu glasi ya maji ya vuguvugu, nakoroga mpaka pasibaki chembe. Maji yakionekana ya waridi mepesi, ongeza. Yanatakiwa yafanane na damu ya mzee. Nimejaribu juisi ya bitiruti, haikupanda. Rangi ya maji ya kuchorea nayo haikupanda, kwa sababu ina chembe zinazoziba mirija. Usijaribu rangi ya nguo kwenye chumba cha watoto wadogo, hata ukiambiwa inapanda vizuri.

Mahali pa kuweka ndipo pana uzito kuliko yote. Weka dirishani penye upepo na jua la mchana, si kwenye kona ya kabati. Usiku sogeza jikoni kwenye joto. Lakini tafadhali usiwashe jiko la mkaa ndani ya darasa au chumba kilichofungwa ili kuharakisha maua. Moshi wake usioonekana huua, na huku kwetu kwenye baridi tumeshazika watu kwa sababu hiyo. Kama huna jiko lenye hewa ya kutosha, acha maua yachukue siku zake mbili.

Aina ya ua nayo ina neno. Waridi jeupe ni zuri ila juma hilo bei yake hupanda, na petali zake nene huchelewa. Maua ya uani yenye petali nyembamba hutangulia. Chainizi hushinda yote, nami ndiyo ninayoitegemea: kwangu ukiiweka mchana, kesho yake asubuhi kingo za majani zina mistari myekundu kama mishipa. Maua yakichelewa kabisa, chainizi itakuokoa. Ndivyo nilivyomwambia yule mwalimu wa Tukuyu: ingia bustanini na tochi, chuma chainizi, weka usiku huuhuu karibu na joto la jiko. Asubuhi alinitumia picha ya jani lenye mishipa myekundu.

Weka pia bua moja kwenye maji matupu, kando ya lile la rangi. Waulize watoto lipi litageuka na kwa nini, kisha nyamaza uwasikilize. Usiwasahihishe siku ya kwanza.

Siku yenyewe, kata bua la chainizi kwa kuvuka, kipande chembamba kama sarafu, mpe kila mtoto chake kiganjani. Kwenye ule weupe ataona vidoti vyekundu vimejipanga kwa upinde, kila kimoja ni mdomo wa mrija. Waache wavihesabu. Mtoto mmoja wangu alikipeleka kipande chake dirishani, akakiinua kwenye mwanga, akasema, "Hapa ndipo anapomeza." Hata mimi nisingepata maneno mazuri kuliko hayo. Baada ya kuangalia, vipande vikusanywe, visiliwe.

Hatua ya 2: Kukata moyo

Kunja karatasi katikati mara moja, chora nusu ya moyo upande wa mkunjo, kata, kunjua. Waambie pande mbili zimefanana. Basi.

Hatua ya 3: Karatasi ya choya

Watu hupenda kutumia kabichi ya zambarau kwa jaribio hili. Mimi natumia choya. Kabichi hiyo ni ya kuitafuta, na maji yake yakilala hadi kesho yananuka. Choya iko kila soko na watoto wanaijua kama juisi.

Chemsha konzi moja ya choya kwa vikombe viwili vya maji kwa dakika kumi, chuja, acha ipoe. Usitie sukari. Chovya karatasi nyeupe za kuchapishia, zitandaze juu ya trei zikauke. Hili nalo fanya siku mbili kabla, kwa sababu ileile ya sare.

Zikikauka usishtuke. Juisi ilikuwa nyekundu lakini karatasi itakuwa ya zambarau iliyofifia, karibu na kijivu. Hukukosea. Karatasi nyingi za kuchapishia hutiwa chokaa kiwandani, na rangi ya choya hubadilika ikikutana na chokaa. Mara ya kwanza nilizitupa nikidhani zimeharibika, na mpaka leo najutia karatasi zile, kwa sababu huo uzambarau ndio unaolifanya somo liwe tamu.

Mpe mtoto kijiti cha pamba na maji ya limao kwenye kizibo. Mwambie achore moyo juu ya karatasi. Limao halina rangi, lakini pale anapopita panageuka waridi. Atasimama, ataangalia kijiti, ataangalia karatasi, atarudia. Mpe nafasi arudie. Kisha wewe mwenyewe yeyusha robo kijiko cha chai cha magadi kwenye nusu kikombe cha maji, na uwapitishie wachovye vijiti vipya. Hayo hugeuza karatasi kuwa ya buluu au ya kijani.

Tahadhari: magadi huwasha macho, kwa hiyo pakiti isikae mezani kwa watoto, na limao pia lisimguse mtoto mwenye kidonda mkononi. Kijiti cha limao kisichanganywe na cha magadi, la sivyo rangi zitauana. Mimi vya limao navifunga uzi mwekundu.

Kwa watoto sema tu kwamba limao ni kali na magadi si makali, na choya inavitambua vyote viwili. Maneno ya asidi na besi yatamkuta shuleni kwa wakati wake. Ukibakiwa na limao na magadi, vichanganye kwenye kikombe kirefu vifoke povu, uwaambie kwamba Mlima Rungwe ni volkano, na ziwa Ngozi limekaa ndani ya shimo la volkano. Povu hilo ni la gesi wala si moto, lakini picha ya kitu kinachofoka kutoka ndani wataibeba.

Hatua ya 4: Kusikiliza moyo wenyewe

Baada ya mioyo ya karatasi, waoneshe wa kweli. Kunja karatasi ngumu iwe bomba la urefu wa mkono wa mtoto, uifunge kwa gundi ya unga wa ngano. Mtoto mmoja anasimama, mwenzake anaweka mwisho mmoja kifuani, kushoto kidogo ya katikati, na sikio upande wa pili. Darasa zima linyamaze. Nafanya hili asubuhi kabla mvua haijaanza kupiga bati, maana ikishaanza husikii kitu.

Ndivyo kipimo cha daktari kilivyoanza. Mwaka 1816 daktari Mfaransa, René Laennec, alikunja karatasi ikawa bomba ili amsikilize mgonjwa kifuani, na kutoka hapo vikaja vifaa vya leo. Napenda kuwaeleza kwamba walichoshika mkononi kinafanana na kile cha kwanza kabisa.

Waruke mara ishirini, wasikilize tena. Du-du, du-du imekuwa ya haraka. Wakunje ngumi uwaambie moyo wa kila mmoja unakaribia ukubwa wa ngumi yake. Kisha wausikilize wa kwako. Wa kwako utakuwa wa polepole: mtu mzima aliyetulia mapigo yake ni 60 mpaka 100 kwa dakika, na mtoto wa umri huu hupita hapo kwa urahisi. Mtoto mwenye shida ya moyo au pumu asirushwe, mpe kazi ya kuhesabu. Muulize mzazi mapema.

Hatua ya 5: Kuhesabu na kadi

Panga vizibo vyekundu na vyeupe, viwili kwa kimoja, waendeleze. Maharage usitumie, hata yale mazuri yenye madoa. Mtoto wa miaka mitatu huyatia puani, na harage likilowa huvimba, mkaishia hospitali. Vizibo vipigwe nyundo kingo zilale.

Kadi wakunje kutoka kwenye ile karatasi ya choya iliyochorwa. Muulize kila mtoto ni ya nani, uandike maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha. Mwaka huu moja ilikuwa ya mlinzi wetu: "Kwa sababu unafungua geti mvua ikinyesha." Aliibandika ndani ya kibanda chake, na bado ipo.

Maji ya rangi mwaga chini ya miti, yasiingie kwenye sinki jeupe. Mabua yaliyobaki yakatie maji mapya; chainizi hukaa na mishipa yake mpaka Jumatatu, na kila mtoto akiingia hulitafuta la kwake kwanza.