Namna ya Kuandika Kumbukumbu za Utoto wa Viungani mwa Dar es Salaam, Miaka ya 1970 na 1980

Waliokulia Magomeni, Kinondoni, Ilala, Temeke au Sinza katika miaka ya 1970 na 1980 sasa wamefikia umri wa kuulizwa na watoto wao, na wengine na wajukuu, maisha yalikuwaje kabla ya simu za mkononi na televisheni. Wengi hujibu kwa sentensi moja, kwamba zamani kulikuwa na raha na watu walipendana, na mazungumzo yakaishia hapo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayetaka kuvuka sentensi hiyo, akaacha kurasa ishirini au thelathini ambazo mtu asiyekuwapo ataweza kuzisoma akaijua nyumba, akaujua mtaa, na akajua ni nani aliyekuwa akilipa gharama ya ile raha ya watoto. Hilo la mwisho ndilo husahaulika zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linalofanya kumbukumbu za namna hii zistahili kuandikwa.

Chora kabla ya kuandika

Chukua karatasi kubwa uchore nyumba mliyoishi. Kama ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida, itakuwa na baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani penye jiko, bafu, choo na pengine mti mmoja wa mwembe au mwarobaini. Katika kila chumba andika nani aliishi humo, alitoka mkoa gani, alifanya kazi gani na alipika nini. Nyumba moja ingeweza kuwa na familia ya mwenye nyumba Mzaramo, fundi cherehani kutoka Tanga, karani wa serikali kutoka Bukoba na dereva kutoka Iringa, na watoto wote wakawa wanajua harufu ya chakula cha kila mlango. Ukishamaliza ndani, toka nje uchore bomba la maji la mtaa, duka, shule, msikiti, kanisa, uwanja wa mpira na nyumba ya balozi wa nyumba kumi.

Kazi hii ya kuchora huleta mambo ambayo kukaa na kutafakari peke yake hakuyaleti, kwa sababu mkono unapofika kwenye kona ya uani, unakumbuka palikuwa na pipa la maji, na pipa nalo linakumbusha ni nani aliyekuwa akigombana na nani juu ya zamu ya kulijaza.

Eleza pia mtaa wenyewe ulitokana na nini, maana viunga vya Dar es Salaam havikufanana. Aliyekulia Magomeni Kota aliishi katika nyumba zilizojengwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950, ambazo baadaye zilibomolewa, na maghorofa yaliyojengwa mahali pake yakazinduliwa mwaka 2022. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ni habari nyingine: sehemu kubwa ya viwanja vyake ilipimwa katikati ya miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambapo mwananchi alipewa kiwanja na kujijengea nyumba kadiri ya uwezo wake. Kwa hiyo mtoto wa Sinza wa wakati huo alicheza juu ya malundo ya mchanga na kokoto, ndani ya nyumba ambazo hazijaezekwa, na baba yake alitumia Jumapili nyingi akisimamia ufyatuaji wa matofali. Asipoyasema hayo, msomaji wa leo atadhani Sinza ilikuwa hivi ilivyo tangu mwanzo. Inafaa pia kumkumbusha msomaji huyo kwamba sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,090 katika mkoa mzima wa Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728.

Tumia majina ya wakati ule, na la sasa ulitaje mara moja tu: Barabara ya Pugu ndiyo leo Barabara ya Nyerere. Pale Msasani palipo ubalozi wa Marekani palikuwa na sinema ya Drive-In, na kijana wa sasa hawezi kulijua hilo kwa kupita tu.

Tafuta tarehe kwa njia ya matukio

Ukimuuliza mtu jambo fulani lilitokea mwaka gani, atakisia. Muulize badala yake kama lilitokea kabla au baada ya tukio ambalo taifa zima linalikumbuka. Kuzaliwa kwa CCM tarehe 5 Februari 1977 ni nguzo nzuri, na kwa wapenzi wa mpira iko nyingine ya mwaka huo huo, Julai 19, Simba walipoifunga Yanga mabao sita kwa bila, siku ambayo mzee wa Yanga bado hapendi kuulizwa. Vinafuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, msako wa wahujumu uchumi wa 1983, kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine tarehe 12 Aprili 1984, na Ali Hassan Mwinyi kushika urais Novemba 1985. Swali kama “Sokoine anafariki, dada alikuwa ameshaanza shule?” hupata jibu la uhakika kuliko swali lolote la mwaka.

Nguzo hizi husaidia pia kusahihisha kumbukumbu zilizochanganyika. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, kwa hiyo anayesema aliangalia televisheni Magomeni mwaka 1980 huenda aliangalia video kwa jirani, au siku hiyo alikuwa amekwenda Zanzibar, ambako matangazo ya televisheni yalianza mapema katika miaka ya 1970. Vivyo hivyo kwa usafiri: mabasi ya watu binafsi, ambayo wananchi waliyapa jina la daladala, yaliruhusiwa rasmi mwaka 1983, na kabla ya hapo mkazi wa viungani alitegemea mabasi ya UDA, shirika la umma la usafiri la Dar es Salaam, yakiwemo yale marefu ya Ikarus yaliyoitwa kumbakumba, ama alitembea kwa miguu.

Vitu vidogo viandikwe kwa ukamilifu

Sarafu ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa karibu kila mtoto alizishika: senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, senti hamsini yenye sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge. Eleza kila moja ilinunua nini dukani kwenu, iwe ubuyu, kashata, barafu ya mfuko au kipande cha muhogo wa kukaanga. Kisha andika sauti, hasa ya Radio Tanzania, ambayo ilisikika kutoka dirisha hadi dirisha kiasi kwamba mtu angeweza kutembea mtaa mzima bila kupitwa na kipindi cha Mama na Mwana au vituko vya Pwagu na Pwaguzi.

Michezo haitoshi kuitaja kwa majina. Orodha ya rede, kombolela, mdako, gololi na ukuti ukuti humfurahisha aliyecheza na humwacha gizani asiyecheza. Chagua miwili au mitatu ueleze kanuni zake kama zilivyokuwa kwenu, kwa mfano kwamba katika rede wawili walisimama pande mbili wakirusha mpira, na wa katikati alikwepa huku akijaza chupa mchanga, na kwamba katika kombolela aliyekuwa bado amejificha angeweza kuwakomboa wenzake waliokwisha kukamatwa. Mtaa wa pili walikuwa na kanuni tofauti na ugomvi ulianzia hapo. Huo ugomvi nao uandike. Eleza jinsi mpira wa chandimu ulivyoshonwa, soksi ilitoka wapi, nailoni ziliokotwa wapi, na nani aliyekuwa fundi wa kuukaza kwa kamba.

Miaka ya foleni

Hapa mwandishi atulie, kwa maana ndipo penye mambo mengi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya 1980, sukari, unga, mchele, sabuni, mafuta ya kupikia na nguo vilikuwa haba, na watu walipanga foleni kwenye maduka ya ushirika na ya kaya tangu alfajiri. Watoto walitumwa kushika nafasi, mahali pengine jiwe au kikapu kikakaa kwenye mstari badala ya mtu, na foleni hiyo hiyo ikageuka uwanja wa michezo. Unga wa mahindi ya njano ulipokuja kutoka nje, watu waliuita unga wa Yanga, kwa kuwa njano ni rangi ya timu hiyo, na watoto wakacheka. Ndiyo maana wengi wetu tunaikumbuka miaka hiyo kama miaka ya furaha bila kuona ajabu yoyote.

Aliyekuwa hacheki ni mama. Mshahara wa serikali haukutosha mwezi, na nyumba nyingi ziliendeshwa na miradi ya akina mama: vitumbua, maandazi, barafu, kuku wa uani, kushona, kusuka nywele. Kwa hiyo usiandike kwamba “tulikula vizuri” kabla ya kumuuliza aliyepika. Ukimwendea mzee, mwamkie, kaa kwenye mkeka, mwache amalize habari zake za afya, na karatasi isitangulie. Maswali ya kazi hufungua mdomo kuliko maswali ya hisia. “Mama, ulikuwa unaamka saa ngapi kuchoma maandazi, na unga uliupata kwa nani?” litakupa nusu saa ya maelezo, wakati “Mlijisikiaje miaka ile?” litakupa “Ah, mwanangu, tulimshukuru Mungu tu.” Omba ruhusa kabla ya kurekodi kwa simu. Ikiwezekana wakae wawili waliokuwa majirani, kwa kuwa watasahihishana, na wakitofautiana andika kauli zote mbili bila kuamua nani mkweli.

Uliza pia yasiyopendeza: kiboko cha shuleni na cha nyumbani, msichana wa kazi ambaye umri wake ulikuwa sawa na wa watoto aliowalea, na wenzako waliomaliza darasa la saba na kubaki mtaani kwa sababu nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Habari zinazoweza kumwaibisha jirani aliye hai, au watoto wake, zibadilishwe jina na chumba, au ziachwe kabisa.

Kuhakiki, kupanga na kuchapa

Bei na tarehe zinazobishaniwa zihakikiwe katika magazeti ya zamani, hasa Uhuru, Mzalendo na Daily News, kwenye Maktaba Kuu ya Taifa iliyoko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, au katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Picha za albamu zigeuzwe nyuma kwanza, kwa kuwa studio nyingi ziligonga muhuri na pengine tarehe. Halafu zipigwe kwa simu kwenye kivuli chenye mwanga wa mchana, bila kumulika taa.

Unapopanga kurasa, fuata ramani yako: chumba, ukumbi, uani, baraza, mtaa, shule, mjini. Mpangilio wa umri, mwaka hadi mwaka, huwachosha wasomaji na kumlazimisha mwandishi kujaza miaka ambayo haikumbuki. Katika kila mahali eleza kwanza mambo yalivyokuwa kila siku, kisha simulia siku moja tu iliyokuwa tofauti. Kila utakapokuta umeandika kwamba watu walipendana, futa, na badala yake sema nani alimwazima nani chumvi, nani alimpeleka hospitali mtoto wa mwenzake usiku, na nani hakufanya hivyo.

Rasimu ikikamilika, isome kwa sauti mbele ya wale uliowahoji, ukiacha pambizo pana za kuandikia marekebisho yao, na watakaokataa jambo waambiwe wazi kama umelitoa au umelibakiza pamoja na kauli yao. Baada ya hapo ipeleke stesheneri ikachapwe na kubanwa kwa ringi, nakala moja kwa kila aliyehojiwa, na kwa wazee wenye macho mazito, herufi ziwe kubwa.