Ondoa namba ya mashine kabla ya kufunga imeji

Ukiandaa imeji (nakala ya mfumo mzima) moja ya Ubuntu ya kusambaza kwenye seva nyingi, amri ya mwisho kabla ya kuzima mashine mama, ile inayonakiliwa, iwe hii: sudo truncate -s 0 /etc/machine-id. Humwaga faili lenye namba ya utambulisho ya mashine. Nimeijua baada ya seva mbili mpya kugombea anwani moja ya IP ilhali MAC zao (anwani za kadi za mtandao) ni tofauti. systemd-networkd, huduma ya mtandao ya Ubuntu, inapoomba anwani kwa DHCP (mfumo wa kugawa anwani za IP) hujitambulisha kwa namba inayotokana na faili hilo, si kwa MAC, kwa hiyo nakala zote huonekana mashine moja. Faili likiwa tupu, kila nakala hujitengenezea namba yake inapowaka mara ya kwanza. Usilifute faili lenyewe, liache tupu: mfumo ukianza kuwaka diski ikiwa bado ya kusoma tu, bila faili hilo namba mpya haina pa kuhifadhiwa.

Amri hiyo haitasaidia ukiiwasha tena mashine mama, hata kwa dakika moja. Namba itaandikwa upya na itabidi urudie amri. Kagua pia /var/lib/dbus/machine-id. Ikiwa ni faili kamili badala ya kiungo kinachoelekeza kwenye /etc/machine-id, namba ya zamani itarudi kutoka humo. Funguo za SSH, ambazo seva hujitambulisha nazo unapoingia kwa mbali, ni suala jingine, amri hii haizigusi.